Geti la Muindi

Nilipofika nyumbani Masii Desemba ile, mwanangu wa miaka mitano alinitazama kuanzia viatuni mpaka kichwani, kisha akaniambia hakuna kazi.

"Rudi kesho," akasema.

Alikuwa amevaa sufuria kichwani, ile ndogo ya uji, na mkononi ameshika mwiko. Mbele yake palikuwa na kamba ya mkonge iliyofungwa kutoka mnyaa mmoja wa ua hadi mwingine. Nyuma yake lilikuwa zizi la zamani la mama yangu, ambalo halikuwa limeona ng'ombe tangu ukame ulipowamaliza. Mimi nilikuwa na begi mkono mmoja na mikate mkono wa pili, jasho linanitoka, na hamu ya kumkumbatia mtoto huyu nilikuwa nayo tangu Agosti.

"Muindi, ni mimi. Mami."

"Najua," akasema. "Lakini leo tumejaa."

Maneno hayo aliyapata kwangu. Nilikuwa nashona katika kiwanda cha nguo pale Athi River, na kila nilipokuja nyumbani watoto waliniuliza kazi yangu ni gani. Sasa utawaambia nini? Kazi yangu ilikuwa mfuko wa nyuma wa suruali, upande wa kushoto. Wa kulia ulikuwa wa mtu mwingine. Suruali nzima niliyowahi kuiona kule ni moja tu, sampuli, iliyotundikwa ukutani karibu na meza ya supavaisa na ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Hadithi ya mfuko wa kushoto haifiki mbali, kwa hiyo niliwahadithia geti. Niliwaonyesha jinsi tunavyojazana nje alfajiri, jinsi askari anavyotoka na kututazama kama mtu anayechagua nyanya sokoni, halafu ananyoosha kidole: wewe, wewe, na wewe. Wengine, rudi kesho. Niliigiza mpaka ile sachi ya jioni, tunavyopekuliwa mmoja mmoja tusitoke na hata uzi. Walicheka mpaka wakagaagaa. Kumbe mwenzenu nilikuwa natoa mafunzo.

Meneja alikuwa dada yake, Mutindi, wa miaka minane. Mwaka ule shule za msingi zilikuwa zimeanza kuwa za bure, Mutindi alikuwa ametoka darasa la pili akiwa nambari tatu, na tangu hapo alikuwa mtu wa kuongea kidogo sana. Alitoka zizini mikono imejaa matope hadi viwikoni.

"Karibu nyumbani, Mami," akasema kwa heshima zote. "Umesafiri aje?"

"Vizuri. Mwambie ndugu yako anifungulie."

Akatikisa kichwa taratibu. "Mambo ya geti ni ya askari. Mimi siwezi kuingilia."

Akarudi ndani. Nikasimama pale na mikate yangu.

Likizo ile niliitaka kwa moyo wote. Kiwanda hufungwa kabla ya Krismasi na kufunguliwa Januari, na mtu asiyekuwa getini asubuhi ya kufungua, mashine yake inakaliwa na mwingine. Kati ya siku hizo mbili ndipo nilipokuwa na watoto. Wengine likizo hutaka kwenda Mombasa. Mimi nilitaka kumwogesha Muindi kwenye karai nimsikie akilia sabuni imeingia machoni kabla hata sijaipaka. Nilitaka kumsuka Mutindi akilalamika kwamba ninavuta. Nilitaka tukae jikoni tuambue mbaazi, wazile nusu zikiwa mbichi, niwafokee. Hata kufoka nilikuwa nimekukosa, maana kule Athi River sina mtu wa kumfokea.

Badala yake, asubuhi ya kwanza niliamka nikakuta vitanda vitupu. Walikuwa wamekunywa uji na kwenda kazini.

Nikashuka mpaka zizini. Mbele ya kamba walikuwa wamesimama watu wawili kwenye foleni. Wa kwanza alikuwa mama yangu mzazi, Kasiva, ambaye watoto humwita Susu, amejifunga leso mbili na kushika kigoda chake. Wa pili alikuwa Bartholomew, katekista wa kanisa letu, mtu mrefu mwenye miwani, aliyekuja siku chache nyuma kuuliza habari za kwaya ya Krismasi na kujikuta ameandikwa kazi.

"Mama, hata wewe?"

"Simama nyuma," mama yangu akanijibu bila kugeuka. "Usituharibie."

Muindi akatoka. Akarekebisha sufuria, akatutazama mmoja mmoja, akamfikia katekista, akamkodolea macho mpaka mtu mzima akashusha macho chini. Kisha akanyoosha mwiko. "Wewe. Na wewe." Akageuka upande wa pili, ambako mbuzi wetu alikuwa amefungwa kwenye kigingi. "Na wewe."

Mbuzi akafunguliwa, akaingia kazini. Mimi nikaambiwa nirudi kesho.

Jioni nilimbana mama yangu jikoni akigeuza muthokoi wa mahindi na maharagwe. "Mnafanya nini mle ndani?"

"Mimi ni wa mikono," akasema.

"Mikono gani?"

"Ya udongo. Natengeneza mikono. Katekista ni wa masikio. Mbuzi ni mashine ya kukanyaga matope, na anakanyaga vizuri, sitamsema vibaya."

"Mikono na masikio ya nini?"

Mama akanitazama kwa huruma. "Mwiitu wakwa, binti yangu, hiyo mifuko yako ya kushoto, unajua ni nani anaivaa?"

"Simjui."

"Basi. Kazi ni kazi."

Kazi yenyewe ilifanyika nyuma ya zizi, kwenye ukingo wa mtaro ambapo mvua za Novemba zilikuwa zimeacha udongo mwekundu unaonata vizuri. Kila kilichokamilika Mutindi alikipeleka nyuma ya pazia la magunia, na huko hakuna kibarua aliyeruhusiwa kufika. Nilijaribu kuchungulia kupitia mnyaa. Ule utomvu ukanirukia shavuni, na Muindi akanishika papo hapo.

"Umejaribu kuingia kwa ua," akasema kwa huzuni. "Sasa hata kesho sijui."

"Mimi ndiye niliyekuzaa wewe!" nikafoka. Hatimaye nilikuwa nimepata wa kumfokea, na sikufurahia hata kidogo.

"Mami," Mutindi akasema kutoka ndani, "heshimu foleni."

Nikajaribu njia zote ambazo watu hujaribu Athi River. Niliamka kabla ya jogoo nikawa wa kwanza. Muindi akasema leo wanaanzia nyuma. Nilimtuma mama yangu aniombee. Akarudi akasema amejaribu lakini mambo ni magumu, na sauti yake ilikuwa ya mtu ambaye hakujaribu. Nilimpa Muindi peremende, ile ya maziwa anayoipenda. Akaimenya, akaitia mdomoni, akaitafuna mpaka ikaisha, akalamba karatasi. "Rudi kesho," akasema, na shavu lake lilikuwa linanukia utamu.

Jioni walirudi nyumbani wamechoka. Mutindi alikula huku akisinzia, kijiko kikikosa mdomo. Muindi alilala kabla sijamwosha, nikamwosha miguu akiwa amelala, karai mapajani mwangu, nikitoa matope kati ya vidole kimoja baada ya kingine. Hakulia sabuni. Nilitamani sana alie. Nikakaa nikiwa nimeshika ule mguu mdogo mpaka maji yakapoa, nikawa najiuliza kama mama yangu naye hunitazama hivi ninapokuja nyumbani na kulala siku nzima.

Wambua ndiye aliyefanya jambo likawa kubwa. Wambua ni jirani anayechota maji kwa baiskeli. Asubuhi moja alipita barabarani na mitungi yake, akaona watu watatu wamesimama mbele ya geti na askari. Hakuuliza swali. Aliegemeza baiskeli kwenye ua, akapangusa viatu kwa majani, akasimama nyuma yangu.

"Mama Mutindi, wanachukua wangapi?" akaninong'oneza.

"Wambua, huyu ni Muindi. Ni mtoto. Anacheza."

"Najua ni Muindi," akasema. "Lakini nimeuliza wanachukua wangapi."

Wakamchukua. Siku yake ya kwanza kusimama! Akawekwa kwenye miguu. Jioni, wakati wa kutoka, Muindi aliwapanga wote na kuwasachi. Alimpekua katekista akamkuta na rozari mfukoni, akaishika mpaka asubuhi kwa uchunguzi. Mbuzi naye alipekuliwa, akafunguliwa mdomo. Kisha Mutindi akawalipa kila mmoja embe moja, na Wambua akaondoka na embe lake barabara nzima akilionyesha watu.

Siwalaumu. Nchi hii ukiona foleni unaingia kwanza, maswali utauliza ukiwa ndani. Na watu waliona kila kitu kinachostahili kuwepo: kulikuwa na geti, askari mkali, na meneja asiyeonekana. Hiyo siri ya magunia ndiyo ilimaliza kabisa. Kama wangeonyeshwa kinachotengenezwa, wangejua ni mchezo wakaenda zao. Siku zilivyosonga walifika watu kutoka ng'ambo ya mto, halafu kutoka upande wa Mwala, wamevaa mashati ya kanisani na kushika vitambulisho. Mwanamke mmoja alifika na mtungi wa uji na mandazi, akawa anawauzia wanaosubiri. Habari zilitembea. Wengine walisema wenye kiwanda ni Wakorea. Wengine walisema Wakorea wameshapima ardhi mpaka sokoni, na zizi ni mwanzo tu.

"Lakini mnalipwa embe," nilimwambia kijana mmoja mwenye tai.

"Ni kipindi cha majaribio," akanieleza kwa upole.

Hata naibu wa chifu alikuja, kofia kichwani. Aliingia zizini akaketi kwenye kigoda mbele ya Mutindi, magoti yakimfika kifuani, na wakazungumza faraghani. Mutindi alisikiliza, akiitikia kwa kichwa, akijisugua matope yaliyokauka mkononi. Alipotoka, naibu alisimama mbele ya watu na kutangaza kwamba amehakikishiwa, watu wa lokesheni ndogo hii ndio watakaotangulia. Wakapiga makofi. Nikajikuta nami napiga.

Mimi, mama mzazi wa kampuni yote, nilikuwa bado nje.

Nilianza kuumia kweli. Mwanzoni nilikuwa nacheka, nikijua nitawahadithia wenzangu wa laini ya mashine tukirudi. Lakini siku ziliyeyuka. Krismasi ilipita; tulikula chapati, Muindi akaenda kanisani na sufuria, na mchana huohuo wakarudi kazini. Nilikuwa nasikia vicheko vyao nyuma ya ua. Nilimsikia Mutindi akimfundisha mama yangu kupunguza urefu wa kidole gumba. Nilimsikia Muindi akimhadithia katekista ndoto yake yote tangu mwanzo, ndoto ya fisi anayeendesha trekta. Ile ndoto ilikuwa yangu! Asubuhi zote za likizo nilizopanga kuzisikia ndoto zake, na sasa zinamwendea Bartholomew, ambaye hata hakuwa anasikiliza, alikuwa anakunja sikio.

Jumamosi ya mwisho ikafika. Keshoye Jumapili ningepanda basi la asubuhi, ili Jumatatu alfajiri niwe kwenye geti lile lingine. Siku hiyo sikwenda kwenye foleni. Nilikaa chini ya paa la jikoni na ungo wa mbaazi, nikaambua peke yangu, nikala mbichi mwenyewe, na machozi yakawa yananidondoka kwenye maganda. Nilisikia foleni ikisogea kule chini. Nilijiambia: Syombua, umekaa nje ya geti miaka yako yote, na sasa umelizaa lako mwenyewe.

"Mama Mutindi!"

Muindi alikuwa amesimama mbele yangu, sufuria imekaa upande, anahema.

"Unaitwa ofisini."

"Mwambie meneja niko na kazi."

Akasimama akifikiri. Jambo hili hakuwa amefundishwa. Mdomo ukaanza kumtetemeka chini ya sufuria. "Lakini unaitwa," akasema.

Nikaweka ungo chini nikamfuata. Tulipita foleni yote kando, na watu wakaanza kunung'unika. Nilimsikia yule kijana wa tai akimuuliza mwenzake, "Huyu anajuana na nani huko ndani?" Muindi akainua kamba ya mkonge. Nikainama, nikapita. Hivyo tu. Kumbe ilikuwa kamba nyepesi hivyo.

Mutindi alikuwa ameketi juu ya debe. "Leta mikono," akasema.

Nikamwonyesha. Akaishika, akaigeuza, akapitisha kidole kwenye kovu nililoachiwa kidoleni na sindano ya mashine, akaita mama yangu na Wambua na katekista waje waone. Wakaja wakasimama. Kisha akavuta magunia.

Kwenye ukingo wa mtaro, juani, walikuwa wamepangwa wanawake wa udongo, wakubwa kama mtoto mchanga. Wote walikuwa na mikono mirefu ya mama yangu, na masikio ya katekista, makubwa mno, na miguu ya Wambua iliyokuwa minene kama majembe. Kichwani walikuwa na vilemba vya maganda ya mahindi. Kila mmoja alikuwa na kovu kwenye kidole cha mkono wa kulia, limechorwa kwa mwiba.

Wambua akavua kofia. "Kwani tulikuwa tunatengeneza Mama Mutindi?" akauliza.

"Kuanzia kesho hatakuwepo," Mutindi akasema, akiwaeleza kama watu waliochelewa darasani. "Kwa hivyo tumetengeneza wa kutosha." Akawaonyesha kwa kidole. "Huyu ni wa kusuka. Huyu ni wa kutoa miiba. Huyu ni wa kupiga kelele tukikataa kula. Huyu ni wa kulala katikati."

"Na huyu wa hapa?" nikauliza. Palikuwa na pengo, na doa la matope.

"Huyo alikuwa wa kuogesha," Muindi akasema. "Tulimjaribu jana kwa karai. Akaisha."

Nilikaa chini palepale kwenye matope. "Sasa kwa nini hamkuniandika?" nikasema, na sauti yangu ilikuwa ya mtoto. "Kila siku nilikuja. Mbuzi mmemwandika. Mimi mnaniambia rudi kesho."

Mutindi akamtazama Muindi, Muindi akamtazama Mutindi. Niliona wanashangaa kwamba sikuelewa kitu rahisi hivyo.

"Hawa wote ni vibarua," Mutindi akasema. "Kibarua ni wa leo tu. Wewe mwenyewe ulisema. Tukikuandika kibarua, jioni kazi inaisha unaenda."

"Wewe tulikuwa tunakutafutia ya kudumu," Muindi akasema.

Mama yangu akageuka akatazama mlimani, akijifanya kuna kitu ameona huko.

Nikapewa kazi. Nilikuwa sampuli. Mutindi alipangusa debe akaniketisha, akaniambia sampuli haifanyi chochote, inakaa tu iangaliwe, na isiguswe ovyo. Halafu wakaanza kunitazama. Sijawahi kutazamwa hivyo na mtu yeyote. Mutindi alipima pua yangu kwa ubua wa mtama, akaenda kuipima ile ya udongo, akarudi. Muindi alihesabu meno yangu akakosea, akahesabu tena. Alikuja na kidole chenye matope akanigusa nyusi, akakimbia, akarudi, akanigusa nyusi ileile. Ile amri ya kutogusa ovyo hakuna aliyeifuata. Mchana nikawa nawatazama pia, maana sampuli haikukatazwa hilo: Mutindi akitoa ncha ya ulimi anapochonga kope, ule upara mdogo nyuma ya kichwa cha Muindi alipoungua akiwa mchanga, matope yakikauka kwenye magoti yake na kupasuka anapoinama. Aliniegemea begani akanihadithia ndoto. Fisi alikuwa bado anaendesha trekta, lakini sasa amebeba watu wa kwaya. Nikasikiliza ndoto hiyo yote, mpaka mwisho, na haikuwa na mwisho, akairudia.

Katekista alikuja akasimama mbele yangu kwa muda, akitazama upande mmoja wa kichwa changu halafu mwingine.

"Mama Mutindi, samahani sana," akasema. "Kumbe ni madogo." Akaenda kupunguza.

Jua lilipotua sikutaka kushuka kwenye debe. Jioni ile nilimwogesha Muindi akiwa macho. Alilia sabuni kabla sijaishika. Nilimsuka Mutindi, akasema ninavuta, nami nikavuta kidogo zaidi ili niisikie tena.

Jumapili asubuhi nilifunga begi. Njia ya kwenda barabarani inapita kando ya zizi, na watu walikuwa wameshapanga foleni, ijapokuwa nilikuwa nimesikia kwamba Jumapili kampuni haifungui. Basi la Machakos lilikuwa limesimama kule juu, dereva anapiga honi. Nilitembea haraka, maana nilijijua. Nikisimama, nimekwisha.

"Simama!"

Muindi alikuwa kwenye kamba, sufuria imenyooka sawasawa.

"Hakuna kutoka bila sachi," akasema. "Weka begi chini. Inua mikono."

Nikaweka begi, nikainua mikono. Akaanza miguuni. Akapapasa vifundo, magoti, akazunguka nyuma, akapapasa mgongo mpaka alipoweza kufika. Akaniamuru niiname, akapekua kilemba, masikio, shingo. Akaingiza mikono yake yote miwili kwenye makwapa yangu akaiacha humo. Hakupata kitu.

"Zunguka," akasema. Akaanza upya.

Honi ikalia tena. Foleni ilitulia, hakuna aliyewahi kupekuliwa kwa makini hivyo. Safari hii Muindi alipofika kifuani aliweka sikio, na sufuria ikanigonga kidevu.

"Meneja!" akaita. "Ameficha kitu. Kinagonga humu ndani."

Mutindi akaja, nywele zake mpya zinang'aa mafuta. Akaweka sikio upande wa pili. Walisikiliza wote wawili, nami nikazuia pumzi nisiwaharibie. Mutindi alichukua muda mrefu kuliko meneja anavyopaswa.

"Ni mashine yake," akasema mwishowe, sikio likiwa palepale. "Hiyo anaruhusiwa kutoka nayo. Ataihitaji huko."

"Lazima nihakikishe," Muindi akasema.

Kule barabarani dereva alichoka kupiga honi. Nilimwona akishuka, mlango ukigongwa kwa hasira, akiteremka njia kwa hatua ndefu, na nyuma yake makanga, na nyuma ya makanga abiria mmoja mmoja. Alifika akiwa amefungua mdomo kunitukana. Akaiona foleni. Akamwona askari, kamba, mnyaa, na magunia yaliyoficha kitu. Akafunga mdomo. Akavuta shati likae vizuri, akaenda akasimama nyuma ya yule kijana wa tai.

"Wanachukua wangapi?" nikamsikia akiuliza.

Abiria wakajipanga nyuma yake, na mzigo wao.

"Inua mikono, Mami," Muindi akasema. "Tunaanza tena."

Nikainua.